Meza ya chai ya kiangazi kwa vyombo vya Skandinavia, kuanzia sokoni hadi kabatini

Kinachomaliza fedha za watu wengi katika meza ya namna hii ni kutafuta seti kamili. Mtu anahamia Stockholm, Helsinki au Copenhagen, anakaribishwa chai kwa jirani, anaona vikombe vimepangwa na visahani vyake, buli lake na jagi lake la maziwa, vyote vya nakshi moja. Akitoka hapo anaanza kukimbizana na kila kipande. Baada ya kiangazi kimoja ana vikombe vinane, visahani vitano, buli lisilo na kifuniko, na hamu yenyewe imekwisha. Nimezipitia hatua zote za kazi hii, na nazieleza hapa kwa mfuatano wake ili anayeanza leo asilipe zaidi ya inavyostahili.

Wabunifu wenyewe walikuwa wa kwanza kuikataa seti. Kaj Franck, Mfini aliyezaliwa 1911, aliibuni Kilta kwa ajili ya kiwanda cha Arabia cha Helsinki, nayo ikaingia madukani 1953. Ufini ilikuwa bado inajijenga baada ya vita, nyumba za mjini zilikuwa finyu, na kabati la kutunzia vyombo vya wageni peke yao lilikuwa anasa. Franck akaondoa maua na kingo za dhahabu, akabaki na duara, mraba na mstatili, kisha vyombo vikauzwa kimoja kimoja kwa rangi chache ambazo mnunuzi alizichanganya mwenyewe. Kikombe kikivunjika, unanunua kikombe. Kilta ilisimamishwa katikati ya miaka ya 1970, na 1981 ikarudi kwa jina la Teema, safari hii kwa kauri ngumu inayostahimili tanuri na mashine ya kuoshea vyombo. Teema ingali madukani, na ndiyo ninayoishauri iwe msingi wa meza.

Mpango wangu ni huu: nakshi moja, kauri moja isiyo na nakshi, na aina moja ya glasi. Basi. Kwa wageni sita, tafuta vikombe vinane na visahani vinane vya nakshi uliyoipenda, sahani sita za keki zisizo na mapambo, na glasi sita za kinywaji baridi. Teema ya sentimita 17 inatosha vizuri kwa kipande cha keki na biskuti mbili. Ongeza buli moja, jagi la maziwa, sahani mbili kubwa za kupakulia na sinia la mbao. Vikombe viwili vya ziada si vya kukaa kabatini. Kimoja kitapata ufa mapema kuliko unavyodhani, na kingine ni cha mgeni aliyekuja na ndugu yake bila taarifa, jambo ambalo sisi Waswahili hatuna haja ya kuelezwa.

Kuchagua nakshi

Kwa chai ya bustanini mimi naanza na Berså, ya Stig Lindberg wa kiwanda cha Gustavsberg, kilichoko nje kidogo ya Stockholm. Majani ya kijani kibichi yamepangwa juu ya kauri nyeupe, kila jani na mshipa wake wa katikati. Ilianza kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikasimamishwa 1974, na sasa inatengenezwa tena Gustavsberg kwenyewe. Uzuri wake mezani ni kwamba kijani chake hakishindani na chochote kinacholiwa kiangazi. Stroberi huonekana nyekundu zaidi, krimu huonekana nyeupe zaidi. Tena hata mchanganyiko wa vya zamani na vipya haukai vibaya, ila vipya vina weupe mkali kidogo, kwa hiyo usiweke kipya na cha zamani ubavu kwa ubavu. Viweke pande mbili za meza.

Mon Amie ya Marianne Westman, iliyobuniwa kwa kiwanda cha Kiswidi cha Rörstrand mwanzoni mwa miaka ya 1950, ina maua ya buluu na inapatana na kitambaa cheupe kuliko nakshi zote ninazozijua. Musselmalet ya Royal Copenhagen ni ya heshima kuu: kiwanda kilianzishwa 1775, nakshi hiyo ndiyo ya kwanza katika orodha yake, na mpaka leo inachorwa kwa mkono. Ukigeuza sahani utaona mistari mitatu ya mawimbi, nayo ni milango mitatu ya bahari ya Denmark: Øresund, Storebælt na Lillebælt. Bei yake ni ya kazi ya mkono, kwa hiyo anza na vikombe viwili vya kunywea nyumbani kabla hujafikiria vya wageni. Toleo lake lenye maua makubwa, lililobuniwa na Karen Kjældgaard-Larsen mwaka 2000, huchanganyika vizuri na lile la kale. Hapo ndipo pekee ninapokubali nakshi mbili kwenye meza moja.

Paratiisi ya Birger Kaipiainen, ya Arabia, 1969, ni ya kupendeza mno kiasi kwamba wengi huinunua kwanza. Ina matunda makubwa na maua ya zambarau, buluu na manjano yaliyojaa hadi ukingoni. Tatizo lake ni chakula. Kipande cha keki ya stroberi kikiwekwa juu yake hakionekani, jicho halijui pa kutua. Tumia sahani yake moja kubwa katikati ya meza, iwekee biskuti kavu za rangi moja, na vyombo vingine vyote viwe vyeupe. Nayo Ruska ya Ulla Procopé, ya kahawia yenye mabakamabaka, naipenda sana, lakini iache hadi Septemba na Oktoba. Chini ya jua la Juni inaonekana nzito.

Kikombe cha kahawa si kikombe cha chai

Hapa ndipo wageni wa nchi hizi wanapokwama. Waswidi na Wafini ni wanywaji wa kahawa, na sehemu kubwa ya vikombe vya zamani vilivyoko sokoni ni vya kahawa: desilita 1.2 hadi 1.5, vyembamba, vinajaa kabla buli halijainamishwa vizuri. Cha chai ni kipana zaidi, mdomo umefunguka, na kinabeba desilita 2 hadi 2.5. Kwenye picha ya mtandaoni huwezi kuvitofautisha. Muulize muuzaji ujazo, au kipenyo cha mdomo: chini ya sentimita 8 kwa kawaida ni cha kahawa. Vya chai vilitengenezwa vichache, na bei yake inaonyesha hivyo.

Angalia pia kisahani. Kila kisahani kina duara la katikati ambamo kitako cha kikombe hukaa, na duara la cha kahawa ni dogo kuliko la cha chai. Wauzaji wengi huoanisha walivyonavyo. Weka kikombe juu ya kisahani, kisukume kwa kidole. Kikiteleza zaidi ya milimita mbili tatu, au kikikaa juu ya duara badala ya ndani yake, hao hawakuzaliwa pamoja, na kikombe kilichojaa chai kitayumba mkononi mwa mgeni.

Visahani vilivyofiwa na vikombe vyake huuzwa kwa bei ndogo sana, na mimi huvichukua bila kusita. Vina kazi nyingi: cha jamu, cha vipande vya limau, cha kuwekea kichujio cha chai, na zaidi ya yote cha kufunikia glasi, nitaeleza mbele. Vikombe vilivyofiwa na visahani navyo hufaa kwa sukari ya vidonge au kwa shada dogo la maua mbele ya kila mgeni.

Kukagua kabla ya kulipa

Masoko ya mitumba ya mashambani Uswidi, wao huyaita loppis, huchangamka kuanzia Mei hadi Septemba. Nenda na tochi ya simu, na nenda mchana. Shika kikombe kwa kitako, kigonge ukingoni kwa ukucha. Kauri nzima hulia kwa mlio wa wazi unaodumu kidogo. Yenye ufa hutoa mlio mfu. Kisha weka tochi ndani ya kikombe. Kauri iliyochanganywa na unga wa mifupa, kama Berså, hupitisha mwanga, na ufa huonekana kama uzi mweusi hata pale ambapo macho ya kawaida hayakuona kitu. Mwisho pitisha kidole kwenye mdomo mzima wa kikombe, polepole, kwa sababu mapengo madogo husikika kwa kidole kabla ya kuonekana. Shina la mkono wa kikombe, pale unapoungana na mwili, likague mara mbili.

Chini ya chombo kuna alama. Nanga ni ya Gustavsberg, taji tatu ni za Rörstrand, mawimbi matatu ni ya Royal Copenhagen. Kwenye Royal Copenhagen, mkwaruzo uliopitishwa makusudi juu ya mawimbi maana yake kiwanda kilikiona chombo hicho kuwa cha daraja la pili. Mara nyingi dosari ni kijidoa kidogo cha rangi au glezi, ule utando wa kung'aa unaofunika udongo, iliyokusanyika mahali pamoja. Kwa meza ya kutumia, cha daraja la pili ni ununuzi mzuri kabisa, mradi bei ifuate daraja.

Buli ndicho kipande ghali kuliko vyote, kwa sababu vifuniko na midomo huvunjika na yaliyobaki mazima ni machache. Ushauri wangu: usinunue buli la nakshi ile ile. Tafuta mojawapo ya yale ya Ulla Procopé yenye mkono wa henzirani unaopita juu, au buli lolote jeupe lisilo na maua. Meza haitapungukiwa na kitu, na fedha uliyookoa ni ya vikombe vya chai. Kabla ya kulipa, jaza maji na umimine. Buli linalotiririsha maji kwenye shingo yake litatia madoa kitambaa kila mara, na hakuna dawa ya hilo. Kifuniko nacho kisianguke buli likiinamishwa nusu.

Tahadhari moja si ya kuipuuza. Rangi nyekundu, za chungwa na za njano za vyombo vya zamani huweza kuwa na kadmiamu, na glezi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, hasa zikichakaa. Keki kavu na biskuti hazina neno. Usihifadhi ndani yake kitu chenye ukali kama juisi ya limau, jamu au siki, na chombo ambacho glezi yake imepauka na kukwaruza kiwe cha kutazama tu.

Chai na udongo wake

Kauri ngumu haina shida na chai ya moto. Fajansi, ule udongo mwepesi wenye vinyweleo uliotumika katika vyombo vingi vya katikati ya karne iliyopita, ndio unaohitaji akili. Glezi yake kwa miaka mingi hufanya nyufa za unywele, chai hupenya humo, na doa la kahawia huenea chini ya glezi ambako kitambaa cha kuoshea hakifiki. Chai nyeusi ya Kenya, ile ya chembechembe, ina nguvu ya kutosha kufanya hivyo kwa kiangazi kimoja. Fajansi yenye nyufa ipe kazi ya matunda na mkate.

Chombo kilichotoka kwenye ghala baridi kisimiminiwe chai inayochemka papo hapo. Suuza vikombe kwa maji ya moto ya bomba, vikaushe, ndipo uvipeleke mezani. Glasi ndiyo usiijaribu kabisa. Kastehelmi ya Oiva Toikka, 1964, yenye matone ya umande juu ya uso wake, na glasi za Aino Aalto za 1932 zenye miduara, zote ni za kugandamizwa kwenye kalibu na si za kumiminiwa maji yanayochemka. Hupasuka, tena ghafla. Zitumie kwa maji ya limau au kile kinywaji cha maua ya elderi, ambacho Waswidi huchanganya kipimo kimoja cha sharubati kwa vipimo vinne hadi vitano vya maji. Matone ya Toikka, kwa njia, yalikuja kwa sababu ya kazi tu: alitaka kuficha mistari inayoachwa na kalibu kwenye glasi.

Sasa hesabu ya chai. Buli la lita 1 hujaza vikombe vitano vya desilita 2. Wageni sita wanaokunywa viwili viwili wanahitaji lita 2.4, yaani buli moja halitoshi kwa vyovyote. Pika chai ya rangi kwa gramu 10 hadi 12 za majani kwa lita, iache dakika nne, ichuje, kisha nusu iende kwenye buli na nusu kwenye chupa ya chai. Ile ya kampuni ya Stelton ya Denmark, iliyobuniwa na Erik Magnussen mwaka 1977 inakaa vizuri kwenye meza hii kwa sababu nayo ni ya ukoo ule ule, na kizibo chake hufunguka chenyewe ukiiinamisha. Chupa iliyowahi kubeba kahawa ibaki na kahawa. Harufu haitoki.

Ukiandaa chai ya maziwa, maji desilita 7, maziwa desilita 5, majani gramu 15 na iliki sita zilizopondwa zinatosha watu sita kwa mzunguko mmoja. Ipike jikoni kwenye sufuria na uichuje kabla haijaingia kwenye buli. Mabuli mengi ya huku yana kichujio cha vitundu kwenye shina la mdomo, na vipande vya tangawizi huziba vitundu hivyo katikati ya kumimina. Iliki haitamshangaza mwenyeji yeyote wa Uswidi au Ufini. Wanaitia kwenye maandazi yao ya kuoka kwa wingi kuliko sisi, na mandazi ya pwani yaliyokatwa madogo yakiwekwa kando ya kardemummabullar hujiona yako kwao.

Siku moja kabla

Kitambaa kwanza, maana ndicho kinachochukua muda. Kitani cha rangi yake ya asili, kijivu chenye umanjano kidogo, ndicho bora kuliko cheupe. Sababu yake ni weupe wa vyombo. Berså ya zamani ni nyeupe yenye joto, Teema ni nyeupe ya baridi, na zikikaa juu ya kitambaa cheupe cha tatu, ya zamani huonekana chafu. Kitani cha asili huzipa zote mandhari moja na tofauti inayeyuka. Kama unashona mwenyewe, fua kitambaa kabla ya kukata kwa sababu kitani kipya hunywea. Acha sentimita 20 hadi 25 za kuning'inia kila upande, na kipige pasi kingali na unyevu. Kitani kilichokauka hakinyooki hata ukiegemea pasi.

Maua yachume asubuhi ya siku yenyewe, lakini chombo chake kiamue leo. Vasi ya Alvar Aalto ya 1936 ni pana mdomoni, na mashina matano yakiwekwa humo huanguka kila moja upande wake. Ama uijaze kabisa, mashina 20 na zaidi, ama utumie matawi machache yanayoegemea kwenye mikunjo yake. Urefu wa maua na chombo usizidi sentimita 25 juu ya meza, watu waonane usoni. Daisi za mashambani na maua ya ngano ya buluu yanatosha kwa Julai. Jihadhari na liljekonvalj, yale maua meupe ya kengele yanayonukia mwanzoni mwa kiangazi. Mmea wote una sumu, na maji yake yana sumu pia. Lisikae kwenye meza ya chakula, sembuse ndani ya glasi ambayo mtoto ataichukua akanywa.

Kupanga

Chai ya alasiri huku ni saa tisa. Katika wiki ya Midsommar, sikukuu ya katikati ya kiangazi ambayo mkesha wake Uswidi huangukia Ijumaa kati ya tarehe 19 na 25 Juni, jua la Stockholm halizami mpaka karibu saa nne usiku, kwa hiyo saa tisa bado ni jua kali. Weka meza penye kivuli. Mwavuli uwe mweupe au wa rangi ya mchanga. Mwavuli mwekundu hugeuza kauri yote kuwa ya waridi, na wageni watadhani maziwa yameharibika.

Mpe kila mtu sentimita 60. Meza ya sentimita 120 kwa 75 ni ya watu wanne wanaokaa raha, na sita wanaovumiliana. Sahani ya keki iwe sentimita 2 kutoka ukingoni, uma mdogo kushoto. Kikombe na kisahani viwe juu kulia, mkono wa kikombe ukielekea kulia na kuinama kidogo kwa mwenye kiti, kijiko juu ya kisahani nyuma ya kikombe. Glasi ikae nyuma ya sahani, si kando ya kikombe, kwa sababu mkono unaofuata chai ndio unaoangusha glasi. Vikombe vigeuze kifudifudi mpaka wageni wafike. Bustani za huku hudondosha chavua na mbegu za miti ya betula kwa kiasi usichokitarajia.

Kisha ondoka hatua tatu, utazame. Jambo ambalo huwa linahitaji kurekebishwa ni wingi. Ondoa kitu kimoja, kwa kawaida kinara cha mshumaa ambacho hakina kazi mchana, na acha kitambaa kionekane kati ya vyombo. Kitani tupu cha upana wa kiganja kati ya sahani na sahani ndicho kinachoipa meza hii utulivu wake. Watu hununua vyombo kwa miaka wakiutafuta utulivu huo, na kumbe hauuzwi.

Kuna mapokeo ya Uswidi ya aina saba za biskuti kwa kahawa ya wageni. Tatu zinatosha. Keki ya stroberi ya sentimita 24 hutoa vipande 10 hadi 12. Yenye krimu isikae nje zaidi ya saa moja, na mapema zaidi kama joto limepita nyuzi 25. Siagi iweke kwenye bakuli dogo la kauri lililolala kwenye friji usiku kucha. Kauri nene hutunza baridi kwa muda wa kutosha.

Kuanzia mwishoni mwa Julai nyigu hufika kabla ya wageni. Hapo ndipo visahani vile vya bei ndogo vinapofanya kazi: funika kila glasi kwa kisahani, jamu nayo uifunike, na peleka sahani yenye kijiko cha jamu na maganda ya matunda mita kumi kutoka mezani. Nyigu ndani ya glasi ya sharubati si jambo la mchezo, koo huvimba. Upepo nao una dawa yake. Vibanio vya kitambaa chini ya ubao, na leso za kitani badala ya karatasi.

Kuosha na kuweka

Kitambaa kwanza tena. Doa la stroberi: kivute kitani juu ya bakuli, mimina maji yanayochemka kutoka juu hadi rangi itoke. Doa la chai ya maziwa ni kinyume chake, maji baridi kwanza, kwa sababu maji ya moto hupika maziwa ndani ya nyuzi.

Osha kwenye beseni la plastiki ndani ya sinki, si kwenye sinki la chuma lenyewe, na kimoja kimoja. Glasi zitangulie, kisha vikombe, kisha sahani. Chombo chenye dhahabu kisiingie mashineni. Cha zamani cha aina yoyote mimi nakiosha kwa mkono, hata kama nakshi iko chini ya glezi. Buli lenye mkono wa henzirani usiliachie ndani ya maji, maana henzirani hulegea na kujifungua. Kama mkono unatoka, utoe. Sinia la mbao lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu na likaushwe wima.

Doa la chai ndani ya kikombe cha kauri hutoka kwa bikarbonati, ile poda ya magadi soda, iliyolowekwa kwa maji kidogo na kusuguliwa kwa kidole. Ile mistari ya kijivu kwenye sahani nyeupe, ambayo watu hudhani ni mikwaruzo, mara nyingi ni chuma cha uma na visu kilichobaki juu ya glezi. Nayo hutoka kwa poda hiyo hiyo, kwa subira. Dawa ya klorini kama jiki iwe mbali na fajansi yenye nyufa. Huingia kwenye udongo na kuilegeza glezi.

Kausha usiku mzima kabla ya kurudisha kabatini. Sahani zipangwe zisizidi kumi, karatasi nyeupe laini kati ya kila mbili. Gazeti lisitumike, wino wake huhamia. Vikombe visitundikwe kwa mikono yake, na visipandane zaidi ya viwili. Bandika ndani ya mlango wa kabati karatasi yenye idadi ya kila kitu, kipenyo cha vikombe na cha duara la visahani, na uipige picha kwenye simu. Mei ijayo ukisimama mbele ya meza ya muuzaji, utajua kwamba unahitaji kisahani kimoja cha chai cha Berså chenye duara la upana fulani, na utapita vingine vyote.